Madigadi ya Pikipiki ya Maji

Siku mliponiaga pale karakana, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonishinda katika miaka yangu yote ya faiba. Nilicheka nikasema zote. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani Ngoingwa, na kwa kuwa sasa nina muda mwingi kuliko nguo za kufua, nimeona nilijibu kwa maandishi. Habari za vyeo hamtazipata hapa, maana cheo changu mlikijua: mtu wa faiba. Habari za mshahara nawaachia wanaopenda hadithi fupi.

Nilifika karakana Jumatatu moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani kwa sababu niliambiwa nitahojiwa. Hakuna aliyenihoji. Fundi Ramadhani, aliyekuwa mkuu wa upande wa faiba, aliangalia viatu, akaangalia mikono, akanirushia ovaroli ya mtu aliyehama na kuniambia nipige sandipepa madigadi sita za lori, zile za kukinga tope la magurudumu, kabla ya saa sita. Kwetu Kalimoni nilikuwa nimelima nyanya tangu utotoni, na mikono yangu ilikuwa na sugu. Nadhani sugu ndizo zilizoniajiri.

Jioni ile nilijikuna hadi nikalia. Faiba ni nyuzi za glasi na resini, na vumbi lake linaingia kwenye ngozi bila kubisha hodi, na mimi kwa ujinga niliogea maji ya moto. Kesho yake Fundi aliona shingo yangu nyekundu, akacheka kwanza, kisha akanifundisha. Paka poda ya mtoto mikononi na shingoni kabla ya kazi, na ukimaliza oga maji baridi, kwa sababu ya moto hufungua ngozi na kuziingiza zile nyuzi ndani zaidi. Ninyi siku hizi mna glavu na barakoa, na bado nawaona mkijikuna. Poda bado inauzwa.

Fundi Ramadhani alikuwa mtu wa Majengo hapo hapo Thika. Mamake alikuwa Mkamba, na babake alikuja na reli kutoka nchi ambayo kila aliposimulia ilikuwa nyingine. Aliniita binti ingawa nilikuwa na watoto wawili. Alipima hadena, dawa ya kugandisha resini, kwa kifuniko cha soda, siku ya jua kifuniko kimoja, siku ya baridi kimoja na nusu, na hakuwahi kuchanganya resini inapokaribia adhuhuri, kwa kuwa resini haingoji mtu amalize kuswali. Mimi Mkristo wa kanisa la Kalimoni nilipanga siku yangu yote kwa saa za swala zake, na mpaka leo mwezi ule wa mfungo ukifika najikuta nakula chakula cha mchana kwa siri.

Jambo moja alilisimamia kuliko yote. Kila kitu tulichotengeneza, madigadi, sanduku la betri, sakafu ya matatu, kilitobolewa tundu pale chini kabisa kwenye kona, ili maji yanayoingia yapate njia ya kutoka. "Maji usiyape kitanda," alikuwa akisema, "yakilala hapo yanaoza chuma na yanaoza jina lako." Kazi ikiisha alikuja, akapitisha kidole kutafuta tundu. Asipolipata aliondoka bila neno, nawe ulijua la kufanya. Baada ya miaka mitatu sikuwa nafikiri tena. Mkono wenyewe ulijua kona ilipo.

Basi mwaka wa nne hivi, mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya Thika inayofanya watu wavae sweta mbili, Mzee Kamande aliingia na pikapu. Alikuwa meneja wa shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, palikuwa na kitu ambacho wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukiona ila kwenye kalenda: pikipiki ya maji, ya rangi ya samawati iliyopauka, yenye kiti kirefu cha watu wawili. Mwenye shamba wa zamani alikuwa akiiendesha kwenye bwawa la shamba wikendi, na alipoondoka nchini alimwachia meneja wake, pengine kwa sababu haingeingia kwenye sanduku la nguo.

Mkewe, Mama Nyokabi, alikuwa amekaa mbele kwenye pikapu akiwa amevaa miwani myeusi. Mzee alitueleza mambo yao akiwa amesimama, kofia mkononi. Kwa miaka mitano macho ya mkewe yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akaona mwanga na vivuli tu. Kila Jumapili baada ya kanisa, Mzee alimpakia kwenye ile pikipiki, wakazunguka bwawa polepole, naye Mzee akimsimulia kila wanachopita. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao. Sasa Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji, na jicho la kulia lilikuwa limerudi kuona. Lakini daktari alisema tone la maji ya bwawa lisiingie kwenye jicho lile kwa miezi mingi, na maji yenyewe yalikuwa yanapokea taka zote za kuosha kahawa. Miwani ya kuogelea walijaribu, kamba ikambana kichwa hadi jicho likavimba. Na miezi mingi hawakuwa nayo. Shamba lilikuwa limeuzwa likatwe ploti, bwawa lingefukiwa, na wao walitakiwa wahame mwisho wa mwezi. Zilibaki Jumapili mbili.

Mama Nyokabi alishusha kioo cha gari akamalizia mwenyewe. Alitaka azungushwe mara moja tu, akiwa anaona.

"Mimi sitaki mambo mingi, Fundi," Mzee akasema. "Nataka tu hiyo maji isiguse macho ya huyu mama."

Alikuwa amepata kupitia rafiki wa Mombasa kifaa cha kuzuia maji, mikanda miwili mirefu ya raba ngumu, inayofungwa chini ya ukingo wa mbele, mmoja kila upande. Maji yakirushwa na pua ya chombo yanagonga mkanda na kutupwa pembeni badala ya kumrukia mtu usoni. Tuliinama tukaikagua. Fundi Ramadhani akasema hiyo ni madigadi tu, imezaliwa pwani. Tukaikubali kazi.

Shida ni kwamba kifaa kile kilitengenezewa chombo cha kampuni nyingine. Pua ya chombo cha Mzee ilikuwa pana, na mikanda ilipofika mbele ilikataa kukutana, kila mmoja ukitazama upande wake kama watu waliogombana harusini. Mkilazimika kufanya kazi ya namna hii, fanyeni hivi. Toeni kwanza raba ya ukingo. Loweka mkanda kwenye maji ya moto hadi ulegee, uuweke mahali pake, uuchore kwa chaki. Anza kutoboa katikati ukielekea ncha, kamwe usianze na ncha zote mbili, la sivyo utamaliza na uvimbe katikati. Toboa kwenye ule ukingo ambapo nusu ya juu na nusu ya chini ya chombo zinashikana, maana hapo huingii tumboni. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila moja upake silikoni kabla ya kuikaza.

Hayo yote tulifanya sawa, na nasema hivyo kwa fahari. Mwanya uliobaki mbele niliutengenezea kipande cha faiba, nikakitolea moldi, yaani umbo, kwenye pua yenyewe, tabaka tatu za mkeka wa glasi. Kilikaa vizuri mno. Kwa nyuma yake, kati ya kipande na ukuta wa chombo, palibaki mfuko mdogo, na chini ya mfuko palikuwa na kona.

Nilichukua biti ya milimita nane nikatoboa kona ile. Nilitoboa kipande, nikatoboa na ukuta wa chombo uliokuwa nyuma yake, moja kwa moja, kama nilivyofanya kwenye sakafu za matatu siku zote. Fundi akaja kukagua. Akapitisha kidole chini ya pua, akalipata tundu, akatabasamu, akasema nimekuwa fundi. Watu wawili wazima, wenye akili zetu, tukasimama pale tukifurahia tundu tulilotia kwenye chombo cha majini.

Jumatano ya wiki ya pili tulikwenda shambani kukijaribu. Mama Nyokabi aliwekewa kiti kwenye nyasi kando ya bwawa, blanketi magotini. Alitaka kupanda siku hiyo hiyo, lakini Mzee akasema ataenda kwanza peke yake aone kama uso unakauka. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa sentensi hiyo.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri ajabu. Maji yaliruka kulia na kushoto na hayakupanda juu hata kidogo. Mzee alipopita mbele yetu aliinua mkono akajipangusa shavu, akatuonyesha kiganja kikavu, na wafanyakazi wa shamba wakapiga makofi. Mzunguko wa pili nikaona pua imeinama kidogo, kama ng'ombe anayetaka kunywa. Wa tatu haukufika nusu. Injini ilikohoa ikazima, pua ikazama, na Mzee Kamande akawa anaelea katikati ya bwawa na jaketi lake la kuokolea la rangi ya chungwa, ameshika usukani wa kitu kilichokuwa kinamwacha.

Vijana wawili wa pampu ya shamba waliojua kuogelea walimfikia na kamba. Muda wote huo Mama Nyokabi alikuwa amesimama, blanketi limeanguka, akiuliza yuko wapi, yuko wapi, kwa sababu jicho lile jipya lilikuwa bado halijazoea mbali. Nilimshika mkono nikamwambia namuona, ameshika kamba, anakuja.

Tulipokivuta chombo ufukweni na kukiinamisha, maji yalimwagika kutoka kwenye tundu langu kama chai kutoka birikani. Fundi Ramadhani alitazama mpaka yakaisha. Kisha akakaa chini kwenye nyasi na ovaroli yake safi.

"Tumetoboa mashua, binti," akasema polepole.

Nilijua ninachopoteza. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inalea watoto wangu, na wanawake katika karakana tulikuwa mimi na aliyepika chai. Lakini kilichoniuma zaidi ni kufikiria kile kiti cha nyuma na nani angekuwa amekikalia. Nilimwambia Fundi nitaenda kuwaeleza. Akasema twende wote: mimi niseme nilichotoboa, yeye aseme alichopitisha, na mtu asichukue sehemu ya mwenzake. Tukaenda. Mzee alikuwa amefungwa taulo, anatetemeka, mkewe akimsugua mgongo. Nikasema. Fundi akasema. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

Mama Nyokabi aliniuliza kama tundu linaweza kuzibwa. Nikasema linaweza. Akauliza kama linaweza kuwa tayari Jumapili. Kabla sijajibu, Mzee akaingilia.

"Tuache tu, mama. Labda Mungu amekataa."

"Mungu hajasema kitu," Mama akamjibu. "Ni wewe umesema."

Mzee akatazama ng'ambo ya bwawa. Niliona amekunja uso kama mtu mwenye hofu kubwa, na nikajua ni mimi niliyemtia hofu hiyo.

Siku tatu hizo sikurudi karakana. Tulifanya kazi kwenye stoo ya kahawa ya shamba ili tusipoteze muda barabarani. Dereva wa shamba alishughulikia injini, akatoa plagi na kutapisha maji. Mimi nilishika tundu. Tundu la milimita nane huwezi kuliziba kwa kulijaza, litang'oka siku ya pili. Unalisugua kingo zake kwa mteremko hadi liwe pana kama kiganja, ndani na nje, kisha unapanga viraka vya mkeka, kidogo kwanza, halafu kikubwa, halafu kikubwa zaidi. Na ule mfuko wa nyuma ya kipande niliujaza wote, ili maji yasipate hata pa kuegemea.

Lakini baridi ilikataa. Alhamisi jua halikuonekana kabisa, na alasiri kiraka kilikuwa bado kinanata kama peremende. Kuongeza hadena ovyo ni kuifanya faiba iwe kavu ya kuvunjika. Moto wa jiko karibu na resini ni kutafuta kaburi. Fundi Ramadhani alifikiria, akaomba mchanga wa mto. Mchanga ukipashwa kwenye sufuria na kutiwa kwenye gunia dogo unashika joto taratibu, halafu unaukandika juu ya kiraka, na karatasi ya nailoni katikati.

Mama Nyokabi ndiye aliyepasha mchanga. Tulimkataza kwa sababu ya moshi, akaweka sufuria kwenye jiko la umeme na kutuambia tujishughulishe na yetu. Alikuja na gunia la kwanza amelibeba kifuani kama mtoto, akaligusa kwa shavu lake kwanza kuona kama halijazidi moto. Aliketi nasi stooni akibadilisha magunia, akitutazama sura zetu kwa zamu kwa lile jicho lake jipya. Aliniambia mimi ni mdogo kuliko sauti yangu. Fundi alimwambia yeye ni mzee kuliko sauti yake, na wakacheka. Nilimpenda mama yule. Nilikuwa karibu kumfanyia ubaya mkubwa, naye ananipikia mchanga.

Ijumaa asubuhi nilipiga kiraka kwa ukucha, kikalia kikavu. Fundi alikwenda msikitini Ruiru, akarudi, tukamimina ndoo za maji ndani ya chombo na kukiacha hivyo hadi Jumamosi mchana. Nikapapasa chini ya pua kwa kiganja, kisha kwa shavu. Pakavu. Fundi akapapasa pia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitafuta tundu akashukuru kulikosa.

Jumapili walitoka kanisani, na sisi tulikuwa tayari pale ufukweni. Kulikuwa kumetulia, mawingu mepesi. Mzee Kamande alichukua muda mrefu. Alikaza kamba za jaketi la mkewe, akazilegeza, akakaza tena. Akasema labda upepo utakuja. Akasema petroli ni kidogo. Nikaona nisimame mbele yake nimwapie kwamba kiraka kile kitadumu kuliko chombo chenyewe. Akaniambia kwa upole kwamba anajua, kiraka anakiamini. Sikumwelewa. Mama alikuwa tayari ameshakaa kwenye kiti.

Waliondoka polepole. Maji yalifunguka pembeni yao chini ya mikanda, na pua ilikaa juu, sawa, mzunguko wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Mzunguko wa tatu Mzee alielekea ng'ambo, karibu na ukingo wa pili, akazima injini. Walikaa pale wakielea kwa muda mrefu sana. Tuliwaona kwa migongo, yeye ameinamisha kichwa, mkewe amenyoosha mkono akionyesha kitu. Fundi alikuwa ananong'ona dua yake nami yangu, na nina hakika zilifika pamoja.

Waliporudi nilimsaidia Mama kushuka. Uso ulikuwa mkavu kabisa. Mzee alibaki nyuma akifunga kamba iliyokuwa imeshafungwa, na Mama akashika mkono wangu tupande nyumbani. Tulipofika mahali ambapo Mzee hawezi kusikia, alisimama.

Akaniambia kwamba ng'ambo ile palikuwa na kinyumba cha bati, nyumba ya karani, ambamo waliishi walipooana na mtoto wao wa kwanza akazaliwa humo. Miaka yote mitano ya giza, kila Jumapili wakifika pale, Mzee alimsimulia nyumba yao. Bati limepigwa rangi. Mpangaji amepanda maua. Leo kuna moshi, watu wanapika. Leo wameanika nguo.

"Na leo nimeangalia vizuri," akasema. "Hakuna nyumba. Hakuna hata jiwe. Ni majani tu, na hayo majani ni ya miaka mingi."

Ndipo nilipoelewa Mzee alikuwa anaogopa nini tangu Jumatano. Nilimuuliza Mama amemwambia nini mumewe.

"Nimemwambia naona wameanika nguo."

"Naye akasemaje?"

"Aliinua kichwa akatazama yale majani. Halafu akaniuliza ni za rangi gani."